Kushonwa Msamba: Ganzi Kwanza, Uzi Baadaye

Mama wajawazito wanaokuja kliniki kwetu huuliza kwa sauti ya chini: "Dada, nikichanika nitashonwa kavukavu?" Wengi ni waliokwisha kuzaa kwingine, wakaambiwa wavumilie kwa kuwa uchungu wa mtoto wameuweza. Kauli hiyo hapa hatuitumii.

Kondo likishatoka, mkunga anakagua msamba, yaani sehemu iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa, kwa taa. Mchubuko mdogo usiotoa damu unaweza kuachwa upone wenyewe. Mchaniko ukigusa misuli, unashonwa, na kabla ya uzi inakuja sindano ya ganzi, dawa iitwayo lignokaini. Huchomwa kandokando ya kidonda, mkunga akivuta bomba nyuma kidogo kila mara kuhakikisha hajaingia kwenye mshipa wa damu. Inawasha kama pilipili kwa sekunde chache, hatukudanganyi.

Halafu tunasubiri dakika 2. Ni hizi dakika ambazo wenye haraka huziruka, mama akaambiwa ganzi "haimshiki". Zikiisha, mkunga anabana ngozi kwa koleo. Ukihisi kubanwa, sema. Anasubiri dakika 2 nyingine, apime tena. Hata katikati ya kushonwa ukiumia, sema. Ganzi huongezwa, ila ina kikomo kulingana na uzito wako. Kama uliongezewa njia, yaani ulikatwa msamba ili mtoto apite, na ukachomwa ganzi wakati huo, usidhani bado inafanya kazi: tunapima upya.

Epidura, yaani dawa ya kutuliza uchungu inayopitishwa kwa mrija mgongoni, na gesi ya kuvuta ya kupunguza maumivu hatuna. Mchaniko uliofika misuli ya njia ya haja kubwa, yaani daraja la 3 au la 4, hatuugusi. Tunakupeleka hospitali ushonwe chumba cha upasuaji, kwa kawaida kwa ganzi ya mgongo.

Ganzi ikiisha, maumivu yanarudi, kwa hiyo usingoje yakuzidi. Parasetamo au ibuprofeni hazikuzuii kunyonyesha, lakini mwenye vidonda vya tumbo, figo au presha atuambie kabla ya kumeza ibuprofeni. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 10 hivi, inapunguza uvimbe.

Gharama ya ganzi imo ndani ya malipo ya kujifungua. Na bibi akija na sufuria la kukukanda, mwambie tumbo na mgongo ni sawa kwa maji ya vuguvugu, lakini nyuzi asizikande.