Mwanangu, acha kukoroga kijani

Mwanangu mpenzi,

Mimi mzima, ni baridi tu ya huku Brussels inayonionea. Picha yako ya mashua imefika. Nimesoma na malalamiko yako: kila ukikoroga bluu na njano upate kijani cha mikoko, inatoka rangi ya maji ya mtaro. Nilicheka, kisha nikakuonea huruma.

Jumapili nikaenda makumbusho ya sanaa kutazama picha ya Georges Seurat, mchoraji Mfaransa. Picha yenyewe ni ya mwaka 1888: Mto Seine, pale kisiwa cha Grande Jatte, pembeni mwa Paris. Kuna ukingo wa majani, chombo kimoja cha tanga jeupe, na mtu anayepiga makasia peke yake. Basi. Mpiga makasia huyo hatoi jasho hata tone. Babu yako angeuliza kama mgongo hamuumi.

Nikasogea, nikasogea, mpaka mlinzi akakohoa. Ukiwa karibu hivyo huoni mto wala chombo, unaona vitone tu, kimoja kimoja, kama nafaka iliyoanikwa jamvini. Kijani cha majani si kijani kimoja. Kuna vitone vya njano, kuna vya bluu, kila kimoja kimekaa pake na hakuna aliyevikoroga. Nikarudi nyuma hatua saba hivi, vikashikana. Maji yakatulia.

Elimu hiyo Seurat aliipata kwa watu kama Chevreul, mkemia wa kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins. Wafumaji walimlalamikia kwamba nyuzi nyeusi zimepauka. Akazipima, akakuta dawa ya kutilia rangi haina kasoro yoyote: weusi ulififishwa na bluu na zambarau zilizofumwa kando yake. Akaandika kitabu kizima kuhusu ujirani wa rangi, mwaka 1839. Mtaro wako huenda nao ni habari ya majirani.

Ila rangi nazo zina usaliti wake. Kwenye picha yake nyingine, ile kubwa ya Grande Jatte iliyoko Chicago sasa, Seurat alitumia njano ya zinki. Haikupita miaka mingi vitone vile vikaanza kugeuka kahawia. Mwenyewe alifariki 1891, ana miaka 31 tu. Rafiki yake Paul Signac, aliyekuwa nahodha wa mashua zake mwenyewe, akaendelea kuchora vyombo na maji kwa vitone hivyo hivyo.

Usinichoree Seine. Nichoree ukingo wa Pangani asubuhi, mitumbwi ikiwa imepandishwa, kabla pantoni la Bweni halijaanza kelele. Jirani yetu anasafiri wiki ijayo, nimempa mirija ya rangi akuletee: nyekundu, chungwa, njano, bluu mbili, na nyeupe kubwa. Kijani usikitafute, sikukisahau.

Mama yako