Kwa mdogo wangu, kuhusu ule wasifu wa baba

Mdogo wangu,

Najua barua hii utaipitia kwanza ukitafuta makosa ya uandishi. Yatafute, kisha urudi mwanzo uisome.

Waliokuja mazikoni walikusifu kwa kukesha ukiandika upya wasifu wa baba. Mimi sikukusifu. Usiku ule wenzako tulikaa na mama, wewe ukakaa na nukta na mkato. Asubuhi ukasimama mbele ya watu, ukafika kwenye mwaka aliostaafu, ukaona umekosewa. Ukanyamaza. Ukakunja karatasi, ukaketi. Nani angeujua mwaka ule? Baba akazikwa nusu ya maisha yake haijasomwa. Hapo ndipo ninapokwama mpaka leo. Na lile jicho ulilonitupia, kana kwamba mimi ndiye niliyeichapa!

Nimesoma kidogo tangu siku ile. Mwaka 1991 wanasaikolojia Paul Hewitt na Gordon Flett waliligawa jambo hili, la kutaka kila kitu kiwe kikamilifu, katika aina tatu: kuna anayejidai ukamilifu mwenyewe, anayeudai kwa wenzake, na anayeamini watu hawatamkubali akiwa na dosari. Wa kwanza mara nyingi ni mtu wa bidii na utaratibu, ingawa naye hasalimiki kila mara. Wa tatu ndiye anayeandamwa zaidi na wasiwasi na sonona. Hauko peke yako, maana watafiti Thomas Curran na Andrew Hill walilinganisha wanafunzi wa vyuo wa Marekani, Kanada na Uingereza wa kuanzia 1989 hadi 2016, wakakuta aina zote tatu zimeongezeka, hiyo ya tatu kuliko nyingine.

Basi usiniambie tena ndivyo ulivyoumbwa. Utaratibu umeumbwa nao, sikatai, na ninajivunia. Kunyamaza kule kulikuwa woga.

Utasema woga huo niliupanda mimi, kwa kukukagulia madaftari. Nani mwingine angekukagulia? Baba alirudi umelala, mama alikuwa amechoka. Nilikufutia mstari ili uandike vizuri, si ili uogope kuandika. Na siku uliyopata 98 nikakuuliza mbili umezipeleka wapi, ule ulikuwa utani. Kila mtu alicheka. Hata wewe ulicheka, nakumbuka. Kama wewe hukumbuki hivyo, nipigie unieleze.