Kuunga shafti au kutafuta mashine nyengine

Malindi, Unguja

Ndugu yangu Khamis,

Assalaam alaykum. Nisalimie wazee na jamaa wote wa Wete. Nimeelewa shida yako: mashine ya boti unayo, Yamaha ya nguvu za farasi 15 ya shafti fupi (shafti ni kile chuma kinachoshuka kutoka injini kwenda chini), mashua uliyonunua shetri yake, yaani ubao wa nyuma unaobeba mashine, iko juu, na fundi wa hapo anataka kuikata shafti aiunge kwa kulehemu ili irefuke. Hilo la kulehemu likatae leo hii. Mengine tuyazungumze kwa vipimo.

Chukua futi, uweke kwenye ukingo wa juu wa ubao wa shetri, pale katikati itakapobanwa mashine, ushuke wima mpaka usawa wa chini ya mkuku, ule mti wa chini kabisa wa chombo. Usifuate mlalo wa ubao, kwani shetri iliyolala itakupa kipimo kirefu kuliko kilivyo. Shafti fupi inataka inchi 15, yaani sentimita 38; ndefu inataka inchi 20, sentimita 51. Lile bapa lililo juu ya propela linatakiwa liwe sawa na chini ya mkuku, au lishuke kidogo tu, isizidi kama inchi moja. Likikaa juu zaidi, propela inavuta hewa: mashine inapiga kelele na chombo hakiendi. La hatari zaidi ni matundu ya kunyonyea maji. Wimbi likiinua shetri, matundu yanatoka nje, pampu inanyonya hewa, silinda zinachemka na pistoni inakamata. Ukiwa umetoka Wete unakwenda Fundo na kusi linavuma, hiyo si hasara ya mashine peke yake.

Ikiwa kipimo chako kimetoka sentimita 41 au 42, basi usinunue chochote. Muite seremala wa vyombo akate ubao sentimita hizo tatu nne, upana wa kutosha mashine kukata kona bila kugonga, kisha aupigilie kipande cha mbao ngumu kwa ndani, kwa sababu ubao uliokatwa umepungua nguvu pale pale panapobeba uzito na msukumo. Kikitoka 48 au zaidi, kukata sentimita kumi ni kufungua mlango wa maji. Mawimbi ya nyuma yataingia chomboni kila ukipunguza mwendo. Wengine hujenga kisanduku cha ndani chenye matundu ya kutoa maji, na kikijengwa vizuri kinafaa, lakini kinakula nafasi ya samaki na nyavu.

Sasa kuhusu kuunga. Shafti inayoshuka kutoka injini kwenda kwenye gia ni chuma kilichotiwa ugumu kiwandani, na mashine hizi zimeundwa zizunguke kati ya mara 4500 na 5500 kwa dakika. Moto wa kulehemu unaulegeza ugumu ule kando ya kiungo, na ni vigumu mno kwa karakana ya kawaida kurudisha unyoofu kamili. Shafti ikipinda hata kidogo inatikisika, inakula beringi na sili ya juu ya gia, ile raba inayozuia maji yasiingie. Sili ikishakwisha, maji ya chumvi yanaingia kwenye oili, na gia zinakufa kimya kimya. Na siku kiungo kikikatika, kitakatika mashine ikiwa imebeba mzigo, yaani mko katikati ya bahari.

Kurefusha kwa haki kupo. Kunataka vitu vinne vya mashine ya aina hiyo hiyo yenye shafti ndefu: shafti yenyewe, kasha la kati, fimbo ya gia na mrija wa maji. Mrija ndio husahauliwa sana. Ukiwa mfupi kidogo haukai vizuri kwenye raba zake, maji yanamwagika ndani ya kasha, na kichwa cha injini kinachemka ingawa pampu ni mpya. Ukipata mashine ndefu iliyokufa juu na nzima chini, vinunue vyote kwa pamoja na uhamishe. Ukianza kukusanya kimoja kimoja kwa bei ya kipuri kipya, hesabu itakukimbia, na mimi ningeuza fupi yako kwa mwenye boti ya faiba ya shetri fupi, niongeze pesa nichukue ndefu iliyotumika.

Ukienda kuikagua hiyo ndefu, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gusa kichwa cha injini. Kikiwa na moto, ameshaipasha ili iwake kwa urahisi mbele yako. Toa plagi zote mbili uzitazame: rangi ya kahawia ni njema, nyeupe ya kuungua ni dalili ya kuchemka au petroli kidogo. Vuta ile klipu ya kuzimia ili isipige cheche, funga geji ya kompresheni, ya kupimia mgandamizo wa silinda, fungua mkono wa mafuta mpaka mwisho, uvute kamba mpaka mshale usimame. Fanya hivyo silinda ya pili. Mimi siangalii sana namba yenyewe, naangalia tofauti. Ikizidi asilimia 10, ringi au silinda moja ina maradhi. Kipenyo cha silinda ya 15 hii ni milimita 56, na pistoni kubwa zaidi, za kuwekwa silinda ikishachongwa, zipo za kuongezea milimita 0.25 na 0.50. Muulize kama imeshachongwa mpaka 0.50. Kama ndiyo, nafasi ya kuchonga tena imekwisha.

Kisha legeza skrubu ya chini ya gia polepole. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yakiwemo yatatangulia kutoka. Oili ya rangi ya maziwa maana yake sili imekufa. Punje za chuma zinazong'aa maana yake gia zinalika. Ukirudishia, jaza kutoka tundu la chini mpaka oili ifurike tundu la juu, funga la juu kwanza, halafu la chini, hewa isibaki ndani. Mwisho iwashe ndani ya pipa la maji. Ikojoe maji yake ya kupozea kwa nguvu muda mfupi tu baada ya kuwaka. Ikitoa matone, inawezekana njia za maji zimejaa chumvi, na kuzifungua ni kazi kubwa.

Hata ikipita yote hayo, badilisha impela, ile feni ya raba ndani ya pampu ya maji, kabla ya safari ya kwanza. Chunga kile kipini kidogo kinachoishika kwenye shafti kisidondoke, kwani bila hicho shafti inazunguka na impela imelala. Oili ya kuchanganya iwe ya TC-W3, ya mashine za boti; ya pikipiki haifai, mashine hii inapoa kwa maji na oili ile inaacha majivu kwenye pistoni. Lita 20 za petroli, mililita 400 za oili. Ukiweka ringi mpya, mililita 800 kwa saa kumi za mwanzo.

Nipigie picha ya kibati cha namba kwenye kishikio cha kubania shetri na unitumie kipimo cha shetri kabla hujatoa pesa. Impela na sili nitakutafutia Darajani, nikupakilie kwenye boti ya Mkoani.

Wasalaam,
Nduguyo Juma