Mdogo wangu, chukua likizo yako

Mdogo wangu, marahaba kwa shikamoo yako ya kwenye meseji, nimeona imeingia saa sita usiku nikajua tu ndo umefunga laptopu. Nimeamua kukuandikia hapa hadharani maana nikikupigia unaniambia "dada niko kwenye kikao, nakurudia sasa hivi" na wiki inakatika hatujaongea, halafu najua mko wengi huko Dar mnaoishi hivyo hivyo, acha na wenzio wasome.

Ratiba yako naijua. Saa kumi alfajiri uko macho ili uwahi kabla barabara ya Morogoro haijajaa, mchana unakula chipsi mayai hapo hapo mezani mkono mmoja uko kwenye mausi, jioni unaogopa foleni kwa hiyo unaendelea na kazi mpaka ipungue, unaingia nyumbani watoto wamelala. Jumamosi uko saiti Kibaha na mafundi. Jumapili kikao cha harusi au msiba. Na hakuna hata kimoja hapo ambacho ni kibaya, yani kila kitu kina sababu yake ya maana, ndo maana inakuwa ngumu hata kukusema. Wifi wala halalamiki. Ila yule mtoto wako wa pili alipokuja huku shule zilipofunga, kila usiku alikuwa anamng'ang'ania bibi yake amsimulie baba alikuwaje alipokuwa mdogo, alikuwa anacheza nini, alikuwa anaogopa nini, na mama anasimulia na mtoto anacheka. Mimi nilikuwa jikoni nawasikia, nikawaza huyu mtoto anamtafuta baba yake kwa bibi wakati baba yupo.

Kila nikikwambia upumzike jibu ni lile lile, nikishapaua dada. Zamani ilikuwa nikishapata kiwanja, ikaja nikishasimamisha boma, sasa ni kupaua, na ukishapaua kuna madirisha, kuna jipsamu, kuna marumaru, kuna ukuta na kisima. Tunaojenga wote tunajua ujenzi hauna siku unakwambia basi nenda kafurahi. Hao watoto unaowajengea vyumba watakuwa wamekua, na mama hazidi kuwa kijana.

Halafu hili la likizo ndo linaniuma zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, ile ya 2004, inakupa siku 28 za likizo ya malipo kila mwaka, inakupa saa nzima ya kupumzika katikati ya siku ya kazi, inakupa saa 24 za kupumzika kila wiki, na saa za kawaida za kazi imezifunga kwenye 45 kwa wiki kabla hujaingia ovataimu. Hiyo siyo fadhila ya bosi, ni haki yako. Na afya imo humo humo, mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa ripoti yao kwamba mtu anayefanya kazi saa 55 na kuendelea kwa wiki, hatari ya kupata kiharusi inapanda kwa asilimia 35 ukimlinganisha na anayefanya saa 35 mpaka 40. Wewe piga hesabu ya wiki yako mwenyewe, halafu kumbuka presha kwetu iko kwenye ukoo.

Sikwambii uache kazi wala uhamie Tanga. Lakini nikitoka sokoni jioni napita kwenye kijiwe cha kahawa hapa Ngamiani, mzee anakuja na dele lake la kahawa, makaa yanawaka kwa chini, anagonga vikombe unamsikia kabla hujamuona. Vile vikombe vidogo vya moto unavishika kwa juu na vidole viwili, huwezi kutembea navyo, lazima ukae, ung'ate kashata kidogo, upige funda, usubiri. Na wanaokaa pale siyo watu wasio na shughuli, yuko fundi seremala, yuko dereva wa bodaboda, yuko mwalimu mstaafu anayesomesha wajukuu, wana madeni na michango kama wewe, ila ule muda wao hawamgawii mtu. Hata Mwalimu Nyerere na mzigo wote ule wa nchi alikuwa anakaa chini anacheza bao, na akiwa Rais akapata muda wa kutafsiri tamthilia za Shakespeare kwa Kiswahili kwa sababu alizipenda. Sasa wewe kikao gani hicho kisichoweza kusubiri umalize kula?

Anza na chakula cha mchana, inuka hapo mezani utoke nje ule umekaa na watu. Jumamosi moja mwachie fundi saiti, amini hataiba nondo zote, wachukue watoto na mama yao mwende Coco Beach mkale mihogo na pilipili, wakimbie kwenye maji mpaka wachoke wenyewe, simu iache ndani ya gari, kazi ikikutafuta itakukuta Jumatatu.

Na Disemba njooni. Mama hajambo, ni magoti tu yanamsumbua akiamka, ameshaanza kuulizia samaki wa kupika na wali wa nazi na mimi sina tarehe ya kumpa. Jaza fomu ya likizo wiki hii kabla wenzio hawajaimaliza Disemba yote, tiketi nazo mkate mapema pale Stendi ya Magufuli maana mwisho wa mwaka mabasi ya huku yanajaa sana. Bosi akishasaini nitumie tarehe, hata iwe saa sita usiku, nitamuamsha mama nimwambie.

Dada yako, Tanga