Hatujaiba gia yako

Mteja mmoja alichukua Chevrolet yake ya zamani gerejini kwetu asubuhi, jioni akarudi amefura: eti tumemnyofolea gia ya tatu, gari linabadilisha mara moja tu. Lawama hii tumeisikia mno. Giaboksi yake ni Powerglide, otomatiki ya Chevrolet iliyoanza kutoka mwaka 1950, na ina gia mbili za mbele. Ya tatu haijawahi kuwepo. Zile za miaka mitatu ya mwanzo ukiweka D hazibadilishi kabisa. Zinaondoka na gia ya juu, torokonveta (kifaa kinachopitisha nguvu ya injini kwenye giaboksi kwa oili) inabeba mzigo. Za 1953 ndizo zilizoanza kuondoka na ya chini na kujipandishia zenyewe.

Wenye Mercedes-Benz za miaka ya 80 nao wana la kwao: "Gia ya kwanza imekufa." Haijafa. Nyingi za hizo zimeundwa ziondoke na ya pili ukikanyaga taratibu. Kandamiza mafuta mpaka chini, utaisikia ya kwanza.

Hydra-Matic za zamani, otomatiki za General Motors, hazina P. Unazima injini, unaweka R, hiyo ndiyo paki. Na R yenyewe iko mwisho, jirani na L (gia ya chini), kwa hiyo aliyezoea magari ya leo anavuta mkono wa gia akitafuta nguvu ya mteremkoni, anakutana na rivasi. Marekani ilibidi sheria iingie, 1968, kwamba nyutro ikae katikati ya rivasi na gia za mbele.

Lakini ugomvi wetu mkubwa na wateja ni fimbo ya kabureta. Ndani ya giaboksi otomatiki presha mbili za oili zinashindana. Ya gavana, kifaa kinachofuata kasi ya gari, inapanda kadiri gari linavyokimbia. Nyingine inafuata mguu wako, kupitia fimbo au waya unaotoka kwenye kabureta. Gavana akishinda, gia inapanda. Ukikandamiza, gia inachelewa, na katika TorqueFlite, otomatiki ya Chrysler, fimbo hiyohiyo inaongeza presha ya oili ili klachi zibane vizuri. Sasa mtu anabadilisha kabureta, fimbo haifiki, anaiacha inaning'inia. Gari linapandisha mapema, tena laini, anafurahi. Tuliletewa moja ya hivyo, mwenyewe akisifia ulaini wake. Kuchomoa dipstiki, oili ya kahawia inanuka kuungua. Kushusha sampu, bakuli la oili, tope jeusi limetanda chini: ndizo klachi hizo, zimeteleza zikasagika kwa kukosa presha. Bei ya kuunganisha fimbo ilikuwa ndogo. Yeye akalipia giaboksi nzima kufunguliwa, na bado akaona tumemkamua.

Wengine wanatia kwenye giaboksi dawa ya kuzuia klachi kuteleza. Klachi iliyokwisha haioti upya.

Tunaulizwa pia kwa nini tunatoza kwa "kukaza nati moja", ile ya kurekebisha fimbo. Nati hiyo hatukisii. Tunahakikisha kwanza kabureta inafunguka mpaka mwisho, tunafunga geji ya presha, tunaendesha, tunaangalia gia inapanda kwa kasi gani, tunarudi kurekebisha, tunaendesha tena. Mzunguko mmoja wa nati unabadilisha mambo yote.

Ukija, tuambie gia inapanda kwa kasi gani ukikanyaga kidogo na ukikanyaga sana, na kama kabureta imeguswa. Hata kama aliyeigusa ni wewe.