Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Wilaya yetu: ile mizani ya kliniki ya sukari

Shikamoo Mheshimiwa Daktari. Mama yangu anahudhuria kliniki yako ya sukari ya Alhamisi, huu mwaka wa 11. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua mbili nilizoleta ofisini kwako mpaka leo kimya.

Jumapili ya wiki iliyopita usiku tulimkimbiza hospitali ya mkoa, pumzi inakata. Wiki tatu nzima alikuwa hawezi kulala chali, tunampangia mito anasinzia amekaa, miguu imevimba ukibonyeza kidole shimo linabaki, hata kandambili haziingii. Kliniki walipima sukari wakasema iko vizuri, miguu ni uzee tu, rudi mwezi ujao. Kule mkoani wakampima eko, kile kipimo cha kuangalia moyo kwa mawimbi ya sauti, wakatuambia moyo umechoka, hausukumi damu inavyotakiwa, maji yamejaa mpaka kwenye mapafu. Wakamchoma sindano za kukojoza maji, siku 5 akashuka kilo 9. Kilo 9 za maji, Daktari!

Sasa chukua kadi yake uangalie pale kwenye uzito. 66, 66, 66, 66. Miezi minne namba ileile, maana mizani imekufa tangu Februari na nesi ananakili ya nyuma. Wala simlaumu, yuko peke yake na watu kama themanini. Ila wewe ulisimama pale chini ya mwembe mwezi wa tatu, ukatuahidi mizani mpya ndani ya wiki mbili, na tukakupigia makofi.

Unajua kuliko mimi kwamba sukari haiishii kwenye macho na figo. Tangu 1974 utafiti wa Framingham kule Marekani ulionyesha mwanamke mwenye sukari hatari yake ya moyo kushindwa kazi ni kama mara 5 ya asiye nayo. Tena mama alikuwa ameanzishwa pioglitazoni, dawa ya sukari inayojulikana kwa kubakiza maji mwilini, mi nahisi ndiyo iliyomjaza maji japo siwezi kuapa, lakini angepandishwa kwenye mizani si mtu angeshtuka mapema? Kuna na dawa za sukari kama empagliflozini, WHO wameiweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2021 na inapunguza watu kulazwa kwa ajili ya moyo, sisi hapa hatujawahi hata kuisikia ikitajwa. Hayo tuyaache kwa leo.

Leo naomba mizani. Moja tu, inayofanya kazi, na kila mgonjwa apandishwe juu yake na miguu yake ibonyezwe kabla hajapewa dawa. Keshokutwa ni Alhamisi, na mzee jirani yetu ameanza kulalamika viatu vinambana.