Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wahadhiri na Watafiti wa Tiba ya Usemi na Lugha, Kanda ya Kati

Ndugu wanachama,

Nawashukuru kwa kufika. Tangu treni ya mwendokasi ianze kufika Dodoma mwaka 2024, imekuwa rahisi kwa wenzetu wa Dar es Salaam na Morogoro kukaa nasi mchana kutwa na kurudi makwao jioni, na mahudhurio ya leo yanaonyesha hivyo. Waliotoka Kondoa, Manyoni na Mpwapwa wamepanda mabasi ya alfajiri, na wao nawashukuru zaidi.

Habari za fedha atazisoma Mweka Hazina. Nitakalosema mimi ni kwamba ada ndiyo inayoendesha chama hiki, na ambaye hajalipa afanye hivyo kabla ya kuondoka ukumbini. Muda wangu uliobaki nautumia kwa kazi yenyewe.

Mwaka jana tuliazimia kuacha kuwafundisha wanafunzi wetu kupima watoto kwa vipimo vilivyotungwa kwa ajili ya Kiingereza na kutafsiriwa juu juu. Hilo ndilo limetuchukulia nguvu nyingi mwaka huu, na bado naliona kuwa ndilo kubwa kuliko yote. Kipimo cha Kiingereza humsikiliza mtoto mwishoni mwa neno: je, ameweka alama ya wingi, ameweka alama ya wakati uliopita? Mtoto wetu anayesema "atakipika" ameshataja mtendaji, wakati na kinachopikwa kabla hata hajafika kwenye mzizi wa kitenzi. Tukimpima kwa kutega sikio mwishoni mwa neno, hatujapima chochote.

Hatuanzi sifuri. Kamil Ud Deen aliwafuatilia watoto wa Nairobi na mwaka 2005 akachapisha uchambuzi wa namna wanavyodondosha kiambishi cha nafsi au cha wakati wanapojifunza kitenzi. Kule Kilifi, Katie Alcock na wenzake walitengeneza orodha ya maneno ambayo mzazi huulizwa kuhusu mwanawe, kwa Kiswahili na kwa Kigiriama, na kazi hiyo ikachapishwa mwaka 2015. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town walitoa vigezo vya awali vya matamshi ya Kiswahili kwa watoto wa kati ya miaka 3 na 6. Watoto waliopimwa walikuwa 24, wa Dar es Salaam. Ni kazi nzuri, na wenyewe waliiita ya awali. Lakini tafakarini: mwanafunzi wetu anapokaa na mtoto wa Chemba, kigezo anachokishika mkononi kimetoka kwa watoto 24 wa jijini pwani.

Na Chemba si Dar es Salaam. Katika eneo la Kondoa na Chemba watu wanasema Kirangi, ambacho ni cha Kibantu kama Kigogo na Kinyaturu. Wanasema Kiburunge, ambacho ni cha Kikushi. Wanasema Kidatoga, ambacho ni cha Kiniloti. Na wanasema Kisandawe chenye vidoko, yaani sauti za kugonga ulimi, ambacho wanaisimu hadi leo hawajakubaliana kuhusu ukoo wake. Mtoto anaweza kusikia lugha tatu kati ya hizo kabla ya kuingia darasa la awali. Akija kliniki akichelewa kidogo katika Kiswahili, swali la kwanza si "ana tatizo gani?" bali "nyumbani wanasema nini, na katika lugha hiyo anasemaje?"

Nitoe mfano mmoja. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliniletea fomu ya mtoto wa miaka mitano. Katika orodha ya maneno ya kurudia, mtoto alitamka "zahabu" badala ya "dhahabu" na "semanini" badala ya "themanini", na mwanafunzi alikuwa ametia wino mwekundu kila mahali na kuandika kwamba mtoto anahitaji tiba. Nilimwomba atoke nje, akae na bibi aliyemleta mtoto, azungumze naye kuhusu mavuno. Alirudi baada ya muda mfupi, akachukua fomu na kuanza kufuta alama zake bila kuambiwa. Bibi anatamka hivyohivyo, na nyumba nzima inatamka hivyohivyo. Alichobaki nacho baada ya kufuta kilikuwa kitu cha maana kweli: mtoto alikuwa akidondosha ving'ong'o, yaani sauti za puani kama m na n, kabla ya konsonanti, akisema "boga" kwa "mboga", jambo ambalo hakuna mtu mzima wa nyumbani kwake anayelifanya. Kisha tukampeleka kupimwa masikio. Hapo ndipo pa kuanzia kila mara, na nawaomba tulirudie hilo kwa wanafunzi mpaka litoke bila kufikiriwa: masikio kwanza, ulimi baadaye.

Upande wa watu wazima, kazi iliyonifurahisha zaidi imetoka jikoni. Mgonjwa wa kiharusi mara nyingi hushindwa kumeza salama. Kinywaji chepesi kinampita na kuingia kwenye njia ya hewa. Vitabu vinataka maji yaongezwe uzito kwa unga maalumu wa kopo, ambao familia ya Bahi haitaupata wala haiwezi kuununua. Lakini kila nyumba ina uji. Kwa hiyo kundi la walimu na wanafunzi lilipika uji wa ulezi, wa uwele na wa mtama, na kuupima kwa utaratibu wa kimataifa wa bomba la sindano: unajaza mililita 10, unaachia kwa sekunde 10, unasoma kilichobaki. Kikibaki chini ya mililita 1, hicho ni chepesi kama maji. Kati ya 4 na 8 ni kizito kidogo. Ni kipimo ambacho muuguzi wa zahanati anaweza kukifanya. Ila bomba liwe lile ambalo urefu wa kutoka sifuri hadi kumi ni milimita 61.5, kwa sababu mabomba ya mililita 10 hayafanani yote, na tuliliona hilo kwa macho yetu mezani.

Tulijifunza mambo ambayo mama yeyote wa hapa angetuambia. Uji ukipoa unazidi kuwa mzito, kwa hiyo uliopimwa ukiwa jikoni si ule anaokunywa mgonjwa. Unga uliotiwa kimea hulainika ukawa mwepesi, jambo jema kwa mtoto anayeachishwa ziwa na la hatari kwa mgonjwa huyu. Na kijiko kilichotoka mdomoni kikirudishwa kikombeni, mate huanza kuyeyusha wanga na uji unakuwa mwepesi huku mgonjwa bado anakunywa. Kwa hiyo maelekezo yetu kwa familia sasa yanataja aina ya unga, kuuliza kama una kimea, na kumimina kidogo kidogo kwenye kikombe kingine. Niongeze tahadhari: uzito si dawa kwa kila mgonjwa, na hakuna anayepaswa kuagizwa uji mzito kabla ya mtaalamu kumwangalia akimeza.

Kuhusu afasia, yaani kupotewa na lugha baada ya ubongo kuumia, takriban theluthi moja ya wanaopata kiharusi hupoteza sehemu ya lugha. Kipimo kinachotumika sana duniani, ambacho mgonjwa huonyeshwa picha na kutaja majina yake, kina picha 60, mojawapo ikiwa nyumba ya barafu. Mzee wa Chamwino akinyamaza mbele ya picha hiyo, ukimya wake hautuambii lolote kuhusu ubongo wake. Tumeanza kuchora picha zetu: kinu na mchi, ungo, kibuyu, zeze, mbuyu, kichala cha zabibu. Michoro imekamilika nusu. Bado hatujaamua namna ya kuhesabu jibu la Kigogo kwa swali lililoulizwa kwa Kiswahili. Maoni yangu ni kwamba lihesabiwe kuwa sahihi na lugha iandikwe pembeni. Tangu daktari Mfaransa Pitres alipoandika mwaka 1895 kuhusu wagonjwa wa lugha zaidi ya moja, tunajua kuwa lugha aliyoizoea zaidi mgonjwa ndiyo mara nyingi hurudi kwanza.

Huko vijijini bado tunakuta watoto waliochelewa kusema wakikatwa kimeo au uzi wa chini ya ulimi. Wanaofanya hivyo wanawapenda watoto wao. Kazi yetu ni kufika mapema kuliko kisu, kliniki ya mama na mtoto, na kuwaambia kwamba mtoto wa miaka miwili asiyeunganisha maneno mawili aletwe apimwe, na kwamba kukata kimeo hakumpi mtoto maneno, kunamletea damu na usaha. Na aliye kiziwi, wazazi wake waelezwe habari za Lugha ya Alama ya Tanzania tangu siku ya kwanza, badala ya kuachiwa mpaka mengine yote yashindikane.

Walimu hatutoshi. Fonetiki inafundishwa na mtu wa isimu, anatomia na daktari wa masikio, pua na koo, malezi na mwalimu wa elimu maalumu. Kila mmoja ni mzuri, ila anayekaa na mwanafunzi chumbani mbele ya mgonjwa ni mmoja au wawili. Mwanafunzi hawezi kujifunza kusikiliza kwa kusoma maandishi ya darasani. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, walianza shahada ya tiba ya usemi na lugha mwaka 2008, na napendekeza tuombe kwao watahini wa nje na nafasi za mafunzo kwa wahadhiri wetu vijana. Uhaba huu unawaumiza pia watoto waliopandikizwa kifaa cha kusikia. Upasuaji huo ulianza Muhimbili mwaka 2017, lakini baada ya chumba cha upasuaji mtoto anahitaji miaka ya kufundishwa kusikia na kusema, na familia ya Ikungi haiwezi kwenda Dar es Salaam kila wiki.

Kamati inaleta hoja moja mbele yenu: tuanzishe hazina ya pamoja ya sauti za watoto wasio na tatizo la usemi, wilaya kwa wilaya, tukianza na Kondoa, Chemba na Bahi. Rasimu ya maombi ya kibali cha maadili kwa NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iko mezani. Ridhaa ya mzazi iombwe kwa lugha anayoielewa, na kila chuo kitaje leo mwalimu atakayesimamia. Naomba hoja ijadiliwe na kupigiwa kura kabla hatujaingia kwenye uchaguzi wa viongozi.